Mbuzi watatu wa Mzee Nzioka walivyolitoa lori kwenye mawe baada ya corona

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Jana nimesoma uzi wa jamaa anayeuliza uchumi huamkaje baada ya janga kama corona. Mmemjibu kwa grafu. Mimi sina grafu, shule yangu iliishia Form Four. Nina mbuzi watatu.

Haya ninayosimulia niliyaona mwenyewe. Mmoja wa wahusika yumo humu ndani, nikiteleza atanisahihisha.

Corona ilipoingia nilikuwa Diani, jikoni kwenye hoteli ya watalii. Kazi yangu ilikuwa kukata matunda ya buffet. Maembe, parachichi, machungwa, kutwa kisu mkononi.

Wageni wakaisha. Hoteli ikafungwa. Tukaambiwa tutapigiwa simu.

Barabara zilipofunguliwa nikabeba begi langu. Wazazi walishafariki, shamba sina, na miguu yangu haijawahi kutulia mahali. Kwa hiyo nyumbani kwangu ni kwa yeyote atakayenifungulia mlango. Nikachagua Mbooni, kwenye milima ya Wakamba, kwa binamu yangu Kyalo. Utotoni mama yake alinilisha huko kila likizo ya Agosti, na sijasahau baridi ile ya asubuhi na harufu ya maharagwe yakichemka.

Basi hadi Emali. Gari dogo la Probox hadi Wote. Kisha nikalala safari nzima juu ya magunia kwenye pickup ya jamaa mmoja mwenye huruma. Mwisho nikachukua boda, nayo mlima ukaishinda, tukashuka mimi na mwenyewe tukaisukuma kama ng'ombe mgonjwa.

Kitu cha kwanza nilichoona kwa Kyalo ni lori lake. Lilikuwa juu ya mawe, matairi yametolewa, na kuku ametaga kwenye kiti cha dereva.

"Usimfukuze," Kyalo akaniambia. "Huyo ndiye dereva siku hizi."

Nikauliza limelala kwa nini. Jibu lilinishangaza. Kumbe yale matunda niliyokuwa nakata Diani, mengi yalitoka milima hii hii, kwa lori hili hili!

Angalieni ilivyokuwa. Lori linashusha matunda Pwani. Faida ya matunda inalipeleka Tseikuru, kaskazini kabisa mwa Kitui, kuleta mbuzi wa bucha. Sasa hoteli imefungwa, matunda yameoza, lori limelala, mbuzi wamebaki kaskazini. Bucha la Mutisya pale sokoni likawa linauza vitunguu na credit ya simu. Bila nyama hakuna sherehe. Bila sherehe, mwenye mahema, wapishi na mafundi wa nguo wote wako nyumbani wanaangalia mawingu.

Na Kyalo mwenyewe alikuwa amekwama hapo katikati.

Alitaka kumuoa Mueni, binti wa Mzee Nzioka. Kwa Wakamba, kabla ya kanisa na keki, lazima upeleke mbuzi watatu wa ntheo kwa wazazi wa msichana. Usipopeleka, hata mkiishi pamoja mpaka mzeeke, bado si mke wako. Mbuzi wa karibu walikuwa wamekwisha, na wachache waliobaki wenyewe hawauzi. Kyalo akajaribu kumtumia mzee pesa kwa simu badala yake.

Mzee Nzioka akamuita.

"Kijana, hii simu yako inalia meee?"

"Hapana, baba."

"Basi hii si mbuzi."

Pesa akamrudishia.

Mueni naye akasema lake. Krismasi ikimkuta bado kwa baba yake, anaenda Nairobi kwa shangazi, na harudi. Wanaomjua walisema huyo akisema amesema.

Sisi wanaume mpango wetu ulikuwa mmoja: tusubiri hoteli ifunguliwe. Hoteli ifunguke, matunda yaende, lori liamke, mbuzi waje. Mambo kwa mpangilio. Kila Jumatatu nilikuwa nampigia chef wangu wa zamani, na kila Jumatatu ananijibu, "Subirini kidogo."

Jumatatu moja Mueni akatukuta tumekaa chini ya bodi ya lori, simu iko loudspeaker. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Asi! Yaani mnasubiri mzungu aje kula embe ndio mimi niolewe?"

Kyalo akakata simu.

"Kwani Tseikuru hawali?"

Wakuu, hata kuku kule juu alinyamaza.

Akatupa darasa tumekaa pale pale. Shule zimefungwa, na shule ndizo zilikuwa zinanunua maharagwe na mahindi ya milima. Sasa stoo zimejaa. Tseikuru mvua imekataa, chakula kidogo, lakini mbuzi wapo na mnunuzi hakuna. Pesa hakuna huku, hakuna kule. "Lakini njaa iko na chakula kiko," akasema. "Mnangoja ruhusa ya nani?"

Kilichobaki ni dizeli. Tukamwendea Mutisya.

"Naweka dizeli," akasema. "Lakini mbuzi wa kwanza kushuka ni wangu."

"Wa kwanza ni wa baba mkwe," Kyalo akasema.

"Sawa. Baada ya mkwe, mimi. Nimechoka kunuka vitunguu."

Majirani wakaleta magunia. Matairi yakarudishwa. Kuku akahamishwa na mayai yake kwa heshima zote.

Tuliteremka milima, tukavuka mto Athi, na Kanyangi tukapata pancha. Fundi wa pancha alikumbatia lile tairi karibu alie. Alisema hajagusa tairi la lori tangu corona ianze. Tukamlipa maharagwe. Watu wakakusanyika: mmebeba nini, mnarudi lini, mtupitishie mbuzi, sisi tuna pojo. Kyalo akaanza kuandika namba za simu kwenye mkono, mkono ukajaa, akahamia wangu.

Tseikuru tulipokewa na Mama Kasyoka, mfugaji anayejulikana na kila mtu huko.

"Mmechelewa," akatuambia. "Mbuzi zangu zimekaa bila kuuzwa mpaka zimeanza kunijibu."

Kubadilishana kulichukua siku nzima na maneno mengi. Mama yule alikuwa anaingiza mkono mpaka chini ya gunia kuangalia kama tumeficha maharagwe mabaya. Kyalo naye anafungua mbuzi mdomo kuhesabu meno. Mwisho wakacheka, tukapewa chai.

Tulipofika kwa Mzee Nzioka, alikuwa amesimama getini na koti lake la kanisani. Mbuzi wawili wakashuka vizuri. Wa tatu, beberu mweusi, akakataa. Akasimama juu ya lori, akamwangalia mzee, akalia meee mpaka milima ikaitikia.

Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Hii sasa ndiyo simu."

Mueni alikuwa kwenye mlango wa jikoni. Alijifunika uso na leso, lakini mabega yalikuwa yanacheka.

Baada ya hapo sikuona hata mambo yalivyofuatana. Mutisya aliondoa vitunguu. Harusi ilifanyika kabla ya Krismasi, mahema yakatoka stoo yakiwa na viota vya panya, mafundi wakashona. Wengine waliokuwa wameahirisha ntheo zao nao wakaja kumtafuta Kyalo.

Halafu Jumatatu moja, chef ndiye aliyepiga. Hoteli inafunguliwa, wananihitaji, na wanataka matunda haraka.

Kyalo alikuwa chini ya lori anakaza nati.

"Limejaa mzigo wa Tseikuru," akasema bila kutoka. "Mwambie asubiri kidogo."

Matunda yalienda wiki iliyofuata. Mimi nilitangulia, na hiyo ndiyo siku niliyoondoka Mbooni moja kwa moja. Nafasi kwenye lori sikupata, maana lilikuwa linaelekea upande mwingine. Nilishuka mlima kwa miguu, kwenye begi nina mayai ya kuchemsha ya yule kuku, Mueni alinifungia. Tangu hapo nimezunguka sana na Diani pia nilishaacha, lakini baridi ile bado naitamani.

Nilichojifunza ni hiki. Tulidhani biashara zimepanga foleni, wa mbele asiposogea hakuna anayesogea. Kumbe zimeshikana mikono kwa duara, na yeyote akianza kutembea, wengine wanavutwa.

Kwenu nani alianza kutembea? Semeni, nasoma zote.

Na Kyalo, ukiona hii, nisalimie dereva.