Rubani Aliyerudia Darasa

Watu wa Kitengela wananijua kwa maji. Nilianza na punda mmoja na mkokoteni wa kukodisha, nikipeleka mitungi kwa nyumba za wapangaji kabla mifereji haijafika, na hata ilipofika ikawa inakohoa hewa tu. Leo niko na kisima changu na malori ya tangi yanayopanda mpaka Kona Baridi. Shule niliiacha darasa la sita. Nayasema haya mapema ili mtu asije akajifanya ameyagundua yeye. Kuna wenye digrii wanaonunua maji kwangu na kuniita mkubwa, na mimi huitika.

Sasa, habari za hicho kitabu cha rubani. Binti yangu aligongwa na boda boda kule Matasia, alikokuwa amekwenda kwa rafiki yake likizoni. Mguu ulivunjika mahali pabaya. Alikaa na plasta, halafu vyuma, halafu magongo, na alipoweza kutembea kwa gongo moja wenzake walikuwa wamevuka kwenda kidato cha tatu bila yeye. Shule yake, ya bweni huko Kajiado, ikasema nafasi yake iko, lakini arudie kidato cha pili. Akasema harudi. Hakupiga kelele. Alisema mara moja, kama mtu anayefunga mfereji, kisha akageukia ukuta.

Mama yake alimbembeleza. Mchungaji aliitwa, akaomba, akanywa chai, akaenda. Mimi nilinyamaza, jambo ambalo si kawaida yangu. Najua damu yangu: ukiisukuma inakaa chini. Na huyu ndiye aliyepewa jina la mama yangu mzazi, kwa hivyo hata mimi namwita Mama, na kiburi cha mama yangu alikipata chote bila kupunguziwa.

Kitabu nilikinunua kwa yule muuzaji anayetandaza vitabu vya mitumba kando ya viatu, karibu na pale tunapoegesha malori. Nilipenda jalada. Lilikuwa na chombo cha angani cha mviringo, tumbo kubwa, mfano kamili wa tangi langu, na ndani ya kioo msichana ameshika usukani. Chini yake kulikuwa na namba tatu. Hapo nieleze polepole, kwa sababu shemeji yangu mpaka leo anacheka. Vitabu tulivyosomea sisi vilikuwa na namba ya darasa. Cha tatu ni cha darasa la tatu. Nikajiambia kwamba mtu aliyefika la sita hawezi kutishwa na Kiingereza cha darasa la tatu.

Kurasa za kwanza zilinitoa jasho. Lakini jasho silikosi. Asubuhi nilikuwa nasoma kwenye kibanda cha pampu, simu iko kando ya kunitafsiria maneno magumu, halafu alasiri nakaa barazani, dirisha la binti yangu liko wazi, namsimulia kwa Kiswahili. Alijifanya hasikii. Mimi nikajifanya sijali.

Hadithi yenyewe ni ya msichana wa miaka kumi na saba anayeendesha chombo kilichobeba watu waliookoka mwezi wao ulipoungua. Wanatafuta sayari ya kukaa. Msichana hataki kukalia kiti cha nahodha. Anaendesha akiwa amesimama, siku zote, mpaka miguu inavimba. Watu wanamlilia nahodha fulani ambaye hayuko mahali popote kwenye kitabu. Kuna fundi wa injini, kijana wa miaka kumi na mitano, wanagombana naye kama ndugu, na kitabu kinasema tu walisoma dawati moja bila kueleza ilikuwaje. Nikafikiri labda hiyo ndiyo mitindo ya waandishi wa leo, kukuingiza matangani bila kukwambia ni nani amekufa.

Alasiri moja sauti ikatoka dirishani. "Kwa nini hakalii hicho kiti?"

Lilikuwa swali lake la kwanza tangu mchungaji aende. Sasa mimi niseme sijui? Mimi? Nikamwambia kiti kilikuwa cha mwalimu wake, na mwalimu alikufa akimwokoa yeye. Akauliza mwalimu gani. Nikaanza kumjenga huyo mwalimu hapo hapo, na kutoka kwa mwalimu nikajenga shule ya marubani, na kutoka kwa shule nikamjenga msichana mwenyewe tangu akiwa mdogo. Ilinitoka bila kukwama. Nilishangaa kwamba kazi ambayo watu wanaisomea miaka mingi mimi naifanya nikiwa na viatu vya gamboti.

Nilimpa rubani wangu homa ya angani. Sikumpa mguu uliovunjika, mimi si mjinga. Homa ilimlaza mpaka mtihani wa kutua ukampita, na wakuu wakamwambia arudi akakae na watoto wa darasa la chini. Huko wakamwita nyanya, bibi kizee wa darasa. Akawekwa dawati moja na kitoto kilichokuwa kinachezea nyaya, na kitoto hicho ndicho kilikuja kuwa fundi wa injini.

Nilipokwenda kumuuliza muuzaji kama ako na cha nne, alicheka mpaka akakaa. "Mzee, hicho ni cha tatu cha hadithi ndefu. Viko viwili vilivyokitangulia." Kumbe! Lakini nilichelewa kujua. Hivyo viwili nilikuwa nimeshavitunga, na binti yangu alikuwa ameanza kutembea bila gongo hadi kibandani kunifuata, hawezi kungoja alasiri. Wiki hiyo alimuuliza mama yake kama sketi ya shule bado inamtosha. Mke wangu aliniangalia. Nilimwambia huyo mtoto akirudi shule, mchungaji aje anywe chai yangu mimi.

Halafu shemeji yangu akaja kutoka Gataka. Ni dadake mke wangu, ni mwalimu, na roho yake ni nzuri kuliko wakati wake wa kufika. Alikuwa amesikia kwa simu habari za kitabu, akatafuta mpaka akapata cha kwanza. Akakiweka mezani Jumapili tukila.

"Shemeji, nimekuletea mwanzo. Sasa upumzike kutunga."

Nilikiona kitabu. Nikamwona binti yangu akikichukua. Mlango wa chumba ukafungwa, na sketi iliyokuwa kwa kamba ikarudishwa kabatini bila kupigwa pasi. Mke wangu alinivuta jikoni akaniambia niende nikaombe msamaha. Nikamuuliza nimwombe nani, yule mwandishi?

Alipokimaliza, binti yangu alikuja kibandani na vitabu vyote viwili kwapani. Hakunisalimu.

"Baba, hakuwahi kurudia darasa."

"Nani anasema?"

"Kitabu. Babake ni jemadari. Alifaulu kila kitu tangu siku ya kwanza. Hakuna homa, hakuna kuitwa nyanya. Ulitunga yote ndio nirudi shule."

Nilizima pampu ili nisikike vizuri. "Nilitunga," nikasema. "Na nimemshinda. Yule fundi ni mdogo kwake kwa miaka miwili, na hicho cha tatu kinasema walisoma dawati moja. Mwandishi anaelezaje?"

"Kijana alirushwa madarasa. Alikuwa na akili sana."

"Alirushwa. Huyo mwandishi alichoka."

Aliuma mdomo asicheke. Lakini alikuwa bado na hasira, na haki yake nilimwachia. Nikamwambia afungue cha tatu, pale msichana anapoondoa chombo kila mara. Anafanya nini?

"Anakagua."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Na mikono yake?"

Akatazama ukurasa. "Inatetemeka."

"Mtu aliyefaulu tangu siku ya kwanza anatetemekea nini, Mama? Mimi nimeajiri madereva. Yule ambaye hajawahi kuanguka hukagua lori mara moja akiwa kwa simu. Anayelizunguka mara tatu ni yule aliyepinduka, akatoka kwa dirisha, akarudi kazini watu wakimwangalia. Huyo mwandishi ameandika msichana aliyeanguka. Halafu kwa kitabu cha kwanza akaona aibu kumwangusha. Mimi sikuona aibu."

Alisimama akifungua na kufunga kile kitabu. Nilitaka kuendelea kusema, maana niko na maneno mengi, lakini uso wake ulinizuia.

"Wataniita nyanya," akasema.

"Watakuita."

"Wenzangu watakuwa wananiangalia kwa dirisha la kidato cha tatu."

"Watakuangalia. Wakichoka wataacha."

"Nikienda, nitaenda kwa sababu nimetaka. Si kwa sababu ya hadithi yako."

"Hata mimi sikuitunga kwa sababu yako," nikamwambia. "Niliitunga kwa sababu naweza."

Akasema mimi ni mgumu. Nikamuuliza yeye alidhani ugumu wake ulitoka wapi. Akaenda na cha tatu. Cha kwanza alikiacha juu ya pampu, na nilimrudishia shemeji yangu kikiwa na doa la grisi.

Siku ya kufungua shule nilimpeleka Kajiado kwa lori, kwa sababu lori ndilo gari langu, nimetoka nalo mbali. Langoni kulikuwa na foleni ya kidato cha pili, watoto wadogo na masanduku yao, na binti yangu kichwa kizima juu yao, anachechemea kidogo. Mwalimu wa zamu alimtambua. Mwanamke mwenye huruma. Alimvuta kando, akashusha sauti, akamwambia kwamba darasa lile halimjui sana, kwa hivyo akitaka watamtambulisha kama mgeni aliyehamia kutoka shule nyingine. Hakuna atakayejua.

Mimi nilifungua mdomo. Hiyo ni tabia yangu. Lakini binti yangu alikuwa mbele yangu.

"Hapana, mwalimu. Mimi ni wa hapa. Narudia."

Alisema kwa sauti ya kawaida, ile inayofika mwisho wa foleni. Kasichana kamoja kakacheka. Binti yangu akageuka, akakaangalia, si kwa ubaya, akakaangalia tu bila kuondoa macho, mpaka kakavuta sanduku lake kando kumpa nafasi. Akaingia kwenye foleni, akasimama wima, hakunipungia mkono.