Nilitumwa kuhesabu majiko Mambrui, nikahesabu wake za watu

Wakuu, hamjambo humu ndani. Hii aibu nimekaa nayo tangu mwaka jana, leo naimwaga yote. Siongezi chumvi. Mkicheka, chekeni taratibu, kibarua chenyewe bado nakihitaji.

Mimi ni mtu wa Ganda, karibu na Malindi. Mji wetu wa Malindi, pamoja na vijiji vya jirani, ulikuwa unapima hewa chafu inayoongeza joto duniani, ili upange namna ya kuipunguza. Nikapata kazi ya kukusanya data.

Kwa wasiojua, hakuna mashine ya kunusa hewa. Siku ya kwanza mimi mwenyewe niliuliza iko wapi, nikapewa tablet. Mnahesabu petroli, umeme, taka zinazofika jaani, mkaa na kuni za majumbani. Kila kitu kina kiwango chake cha hewa chafu, mnazidisha, mnajumlisha.

Nikapangiwa kijiji cha Mambrui. Maswali yalikuwa mawili tu ya maana: mnatumia mkaa kiasi gani kwa wiki, na una majiko mangapi?

Sasa mimi mwanamume mgeni siwezi kujitoma jikoni kwa watu. Nikawauliza wanaume barazani, baada ya Alasiri.

Wa kwanza akasema anayo mawili, wenzake wakacheka. Wa pili hana, bado anatafuta. Wa tatu alikuwa nalo, likarudi kwao. Nikaandika "limerudishwa dukani".

Mzee Athumani, fundi cherehani, alisimamisha cherehani yake.

"Langu limezimika, mwanangu."

Nikabonyeza "limeharibika", nikamwambia pole mzee, litapatikana jingine. Akanitazama kidogo, akarudi kwenye cherehani yake.

Nilirudi ofisini najiona mtaalamu.

Madam Zawadi, msimamizi wetu, akaifungua data yangu, akaisoma mara mbili. Nyumba chungu nzima zinachoma mkaa na hazina jiko hata moja. Akaniuliza wanauchomea mkononi? Na hesabu hiyo ndiyo ingechagua vijiji vya kupewa kwanza majiko mapya yanayokula mkaa kidogo na yasiyo na moshi mwingi. Kama haitarekebishwa kufikia Ijumaa, Mambrui inatolewa kwenye orodha. Na mimi pia.

Kisha akauliza polepole, "Hawa uliwauliza majiko, au uliwauliza wake?"

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke. Harusi ya kaka yangu mimi ndiye niliyezunguka kijiji kizima nikitangaza kwamba kapata jiko! Lakini nikishika tablet akili yote inahamia kwenye fomu.

Nikarudi na Mwanaisha, mwenzangu wa kazi, ambaye yeye aliweza kuingia mpaka jikoni. Yule wa "mawili" alikuwa na majiko matano. Yule anayetafuta anapikiwa na mamake, kwenye majiko matatu.

Kwa Mzee Athumani hapakuwa na jiko hata moja. Mawe matatu ukumbini, ukuta mweusi, macho yake mekundu kwa moshi. Tangu mkewe afariki anajipikia mwenyewe.

Nikamwomba radhi. Mzee akacheka mpaka akavua miwani.

"Nilisema huyu kijana ana moyo mwema. Kaniahidi jingine, na posa hata sijapeleka."

Data ikarekebishwa Alhamisi jioni. Mambrui ikabaki.

Mwezi uliopita nilimpelekea Mzee Athumani jiko lake jipya. Lazima fomu ijazwe tena, nikamuuliza kwa woga ana majiko mangapi.

"Andika moja," akasema. Halafu akaongeza, "Na lile la kwanza usiandike limeharibika. Andika lilipika vizuri."

Fomu haina mahali pa hayo. Niliyaandika kwenye maoni, na Madam Zawadi hajayafuta.

Nilichojifunza: kabla hujapima moshi wa watu, jua wanaviitaje vitu vyao. Siku hizi nauliza tu, mnapikia nini?

Waliowahi kufanya kazi za kuhoji watu, neno gani liliwaumbua? Tiririkeni hapo chini. Na msiniulize yangu ni mangapi, fomu yangu inasema sifuri.