Jagi la Kwanza la Asubuhi

Mtaa wetu ni wa nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, zilizojengwa kabla wazazi wetu hawajaoana. Maji yakirudi baada ya mgao, huja kwanza na rangi ya chai ya rangi. Kila mtu anajua la kufanya. Ndoo ya kwanza inaenda chooni, ya pili inafulia, na ya kupikia inasubiri mpaka bomba liache kukohoa. Ni nyumba yetu peke yake iliyokuwa ikitoa maji ya kwanza maangavu. Ungefungua mfereji wa jikoni yatoke baridi, safi, hadi majirani wakatutania kwamba tuna chemchemi chini ya sakafu. Mama alikinga jagi moja la maji hayo kabla mtu mwingine hajagusa mfereji, akalichemsha, akalifunika kwa sahani. Lilikuwa la mjukuu wake. Sisi wengine tulikunywa yaliyofuata.

Maji hayo yalikuwa kazi ya baba. Nikiwa shule ya msingi alirudi kutoka karakana alikofanya kazi akiwa amebeba bomba la kijivu, zito lakini laini, linalokubali kupindwa kwa mikono mitupu. Akaliunganisha na mfereji wa uani, akalipitisha chini ya ukuta mpaka jikoni. Wakati huo akina mama wote wa safu yetu walipanga foleni uani, mvua au jua. Mama akawa wa kwanza kuosha sufuria akiwa chini ya paa lake. Baba alishafariki. Lile bomba Mama alikuwa akilipangusa vumbi kila Jumamosi, kama wengine wanavyopangusa picha ya ukutani.

Mimi ndiye niliyebaki nyumbani. Kila familia ina mmoja. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi, nikakaa. Nashona mapazia na mashuka sebuleni, na wateja hunifuata wenyewe, maana wakisubiri niwafuate watasubiri sana. Dada yangu anaishi Kayole, na husema nikienda Buruburu, hapo karibu tu, lazima nibebe blanketi na barua ya chifu.

"Muangalie vizuri anko wako," alimwambia binti yake. "Hata ukiwa nyanya utampata kwa kiti hicho hicho."

Dada hufungua kibanda chake sokoni kabla ya jua, kwa hiyo tangu mtoto aachishwe ziwa alilala kwetu siku zote za kazi. Alikuwa msemaji. Alinisimulia habari za mbwa wa jirani mpaka nikashona pindo upande usiofaa. Halafu maneno yakaanza kupungua. Akawa anashika tumbo, anasukuma sahani, anakaa juu ya vipande vyangu vya vitambaa akitazama mlango. Mama alisema ni minyoo, akampa dawa. Akasema labda ni kijicho, akaomba. Mimi nilisema amerithi uvivu wa mjomba, na tukacheka.

Dada peke yake hakucheka. "Mwaka jana huyu alikuwa anahesabu vidole vyote," alisema Jumapili moja. "Sasa anafika kwa nne ananiangalia. Kesho naenda hospitali."

Mama alienda nao, nami nikaburutwa nimbebe mtoto. Daktari alikuwa mwanamke kijana, na maswali yake hayakuwa ya mtoto, yalikuwa ya nyumba. Ni ya zamani? Rangi ya ukuta inabanduka? Kuna mtu anafungua betri za magari hapo karibu? Maji mnatoa wapi?

Hilo la mwisho Mama alilingoja. "Maji yake nachemsha mwenyewe, daktari. Na si maji ya kila mtu. Yake ni yale ya kwanza kabisa, yaliyolala kwa bomba."

Daktari aliacha kuandika. "Yamelala kwa bomba gani, mama?"

Walimtoa damu. Majibu yaliporudi, daktari alitueleza polepole kwamba damu ya mtoto ina madini ya risasi, metali ambayo mafundi wa zamani waliipenda kwa sababu ni laini. Maji yakilala ndani yake hula kidogo kidogo. Hayabadiliki rangi wala ladha. Mtu mzima anaweza kubeba mengi bila kujua. Mtoto mdogo huguswa ubongo, huguswa damu.

"Basi nitachemsha zaidi," Mama alisema.

"Kuchemsha kunaua viini, mama. Hii haifi. Maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe inabaki kwa yale machache."

Mama alikuwa akichemsha jagi lile mpaka lipungue, ili awe na hakika.

Afisa wa afya alikuja asubuhi kabla mfereji haujafunguliwa. Alikinga chupa mbili jikoni, moja mara tu alipofungua na moja baadaye, na nyingine uani. Kisha akakwaruza bomba kwa kisu, na chini ya ule ukijivu pakang'aa kama fedha. Majibu ya maabara yalisema maji ya uani hayana neno. Yale ya jikoni yalikuwa na neno, na chupa aliyoijaza mwanzo, ya maji yaliyolala, ilizidi ile aliyokinga baada ya kuyaacha yatiririke. Yaani yale machafu ya majirani yalikuwa na kutu tu ya mabomba ya chuma, na ile kutu iliwafundisha kumwaga. Yetu hayakutufundisha kitu.

Jioni tulikaa jikoni, Mama kwenye kigoda, dada amesimama.

"Mzee wangu hangeweza kuniletea sumu nyumbani," Mama alisema.

"Hakujua, Mama. Nani alijua?"

"Na hawa wawili niliwalea na maji hayo hayo. Si mko hapa?"

Nilidhani nasaidia. "Labda ndiyo ile D yangu ya hesabu," nikasema. "Na mimi miaka yote nimesingizia mwalimu."

Hakuna aliyecheka. Mama aligeuka akanitazama, kutoka kichwani hadi miguuni na kurudi tena, kama mama mboga anayekagua gunia alilopokea likiwa limefunguliwa. Nimetaniwa maisha yangu yote na sikuwahi kutazamwa hivyo. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ni mvivu wa kawaida tu, wa kuzaliwa, hakuna bomba lililohusika. Lakini hilo nisingeweza kuliapia, na yeye alijua.

Dada alianza kukunja nguo za mtoto. "Sina hasira na mtu," alisema. "Lakini hatalala hapa tena, Mama. Kibandani nitamfunga mgongoni, itajulikana huko."

"Bomba tutalitoa."

"Litoeni. Bado hatalala hapa."

Plamba alikuja akalikata, akaweka la plastiki. Lile la zamani alitaka kuondoka nalo kwa wauza chuma chakavu. Mama akasimama mlangoni. "Hilo litayeyushwa liwe sufuria," alimwambia, "na sufuria itampikia mtoto wa mtu." Alilifunga kwenye leso yake moja ya kujifunga, zito hivyo hivyo, akaagiza afisa wa afya aitwe, akamkabidhi mkononi. Hakulia. Alimwambia tu asilitupe mahali watoto wanachezea.

Afisa alipima maji upya na kusema ni mazuri. Daktari naye anasema damu ya mtoto inaanza kusafika, taratibu. Kuhusu maneno na vidole, hataki kutoa ahadi. Anasema wengine hurudi karibu na walipokuwa, wengine hubaki nyuma kidogo, na tutajua akianza shule. Siku za kazi nyumba imekuwa kimya. Sasa sikosei pindo hata moja.

Jumapili dada humleta baada ya kanisa, na ndani ya mkoba wake huja na chupa ya maji kutoka Kayole. Mara ya kwanza nilidhani Mama atakasirika, maana karatasi ya afisa inayosema maji ni mazuri iko juu ya kabati na dada ameisoma. Mama aliiona chupa ikiwekwa mezani, akatoa kikombe, akakisuuza, akakifuta, kisha akasimama nacho.

"Naweza kummiminia mimi?" aliuliza.

Dada akamsogezea chupa. "Mmiminie, Mama."

Mama akafungua chupa. Mtoto alikishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akakirudisha na kuomba kingine, na Mama akamgeukia dada tena kabla ya kumimina.