Gramu Mia Nane za Potashi

Soda ya kostiki ikitiwa majini hukoroma kama paka, kisha mvuke wake hukukaba koo. Juzi jirani yangu hapa Bwaise alikuwa anatengeneza sabuni. Mvuke ukapita dirishani, nami nikajikuta mtoto wa miaka tisa, kopo mkononi.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nivumilieni nikipotea njia. Msomi alikuwa dada yangu Zaitun. Baba, polisi mstaafu, alishaamua kwamba msichana mkubwa vile akae nyumbani asaidie sabuni. Mama alipima soda kwa jicho tu; mara sabuni ichubue mikono, mara ikatae kukauka. Mikono yake mwenyewe, jamani, ilikuwa kama ganda la muhogo. Zaitun akaomba atengeneze sabuni mara moja kwa hesabu za darasani. Ikiganda vizuri, arudi shule. Baba akakubali, nadhani kwa sababu alikuwa ameshiba.

Zaitun alijaribu kunieleza. "Moli ni hesabu, kama dazeni. Dazeni ya mayai na dazeni ya mananasi, idadi moja, uzito mbali. Mafuta hayaulizi uzito, yanahesabu vichwa." Moli moja ya soda ni gramu arobaini, mafuta yetu yalitaka moli ishirini, basi akaandika gramu mia nane. Mimi nilibaki nawaza mananasi.

Nikatumwa Nakivubo kununua soda. Njiani nikakuta wasichana wanaruka kamba, nami nikaruka, tena sana. Nilipofika dukani soda ilikuwa imekwisha. Mwenye duka akanipimia potashi, gramu zile zile mia nane.

"Hii si soda, mwanangu. Ambia dada yako kabla hajachanganya. Kama haimfai, rudisha."

Kusema kungekuwa kukiri nilichelewa, kisha nirudishwe kwa miguu. Na zote mbili ni nyeupe. Nikanyamaza.

Siku ya tatu sabuni ilikuwa bado kama uji wa mgonjwa, mafuta yameelea juu. Baba akachovya kidole, akakipangusa ukutani. Hakugomba.

"Zaitun, kitabu yako imekula mafuta ya mama yako."

Wiki nzima Zaitun alipekua daftari akitafuta alipokosea. Nilimpelekea chai, nikakaa naye, nikamwangalia akitafuta. Mwishowe akalifunga, akasema labda kweli hana akili. Sare yake Mama akaikata vitambaa vya kushikia sufuria.

Mvuke ule wa juzi ulinifanya nimuulize mjukuu wangu, aliyekuwa anasoma mezani, habari za potashi. "Moli moja ni gramu hamsini na sita, jajja." Akagawa mia nane: kumi na nne na chembe. Karibu moli sita zilikosekana. Hesabu ya dada yangu ilikuwa safi. Utotoni nilidhani nimeficha kuchelewa kwangu tu. Kumbe nilimtwika Zaitun kosa langu, na amelibeba mpaka mvi.

Kesho yake nikaenda Port Bell, anakouza samaki, nikamweleza yote. Alisikiliza huku akiparua magamba. Akasema miaka yote hii aliamini kichwa chake ndicho kibovu. Kisha, bila hasira hata kidogo:

"Rehema, hayo ungemwambia Baba."

Baba tulimzika zamani.