Kitumbua Alichoonja Kuku Kwanza

Mimi si mtu wa kuamini haraka. Hata fundi cherehani mmoja wa Newala aliponichumbia kwetu Masasi, nilijiuliza mwanamume mwenye maneno machache hivi anaficha nini. Akanioa, akanipandisha Newala, na mwaka haujaisha nikadhani nimepata jibu. Alikuwa anaficha vitumbua.

Kila asubuhi nilimwandalia uji na muhogo wa kuchemsha. Anakunywa nusu kikombe, anasema, "Ahsante, mke wangu, nimeshiba," anavaa kofia, anatoka. Ndipo jirani akanidokeza kwamba huyo aliyeshiba anaonekana hotelini, njia ya kwenda bomani, akila vitumbua vya mjane mmoja. Mjane! Wakati ule wa Mwingereza hoteli ilikuwa chumba cha udongo, mabenchi, birika na wanaume watupu. Mwanamke mwenye kujiheshimu haingii. Nikajua tu, mna limbwata mle, dawa ya kumteka mume wa mtu.

Nilimtuma jirani aninunulie kimoja. Sikukila. Nilimmegea kwanza kuku wangu, nikakaa kizingitini kumwangalia. Hakufa. Lakini mchana kutwa alinifuata nyuma, jikoni, uani, mpaka mlango wa choo, nikazidi kushuku.

Mwisho nikaonja. Nje kikavu, ndani laini, utamu wa tui na uchachu kwa mbali. Mola anisamehe, kilikuwa kitamu. Dawa ya moto ni moto, nikasema. Nitavipika mwenyewe, tuone atatoka kutafuta nini.

Nikaloweka mchele, nikatwanga, nikatia tui, sukari, iliki na hamira. Vya kwanza vilikaa tumboni kama jiwe. Vilivyofuata vikanywa mafuta yote. Na maji ya Newala si ya kuchezea, tuliyafuata bondeni na kupanda nayo mlima kichwani, kwa hiyo kila nilipomwaga rojo lililoharibika nilimlaani mjane. Siku moja rojo kidogo likabaki chunguni, likachacha. Kwa uchungu wa maji sikulimwaga, nikalichanganya na jipya. Vikaumuka! Nilipomega kimoja, uchachu ni ule ule.

Kesho yake nikamwekea mume wangu sahani. Akala kimoja, akaongeza, akalamba vidole.

"Ni vile vile kabisa," akasema. Moyo wangu ukatulia. Kisha akanawa, akavaa kofia.

"Unakwenda wapi tena?"

"Hotelini."

"Si umekula vitumbua?"

"Nimekula, mke wangu. Nimeshiba."

Basi si kitumbua, ni mjane mwenyewe. Nikajifunga kanga, nikamfuata kwa mbali, nimepania kugombana. Karibu na hoteli nikasikia mtu anasimulia kisa, anabadili sauti, anaigiza mzee, anaigiza mbuzi, na wenziwe hoi kwa kicheko. Sauti niliijua na sikuijua. Nikachungulia. Mjane, bibi kizee asiye na meno, alikuwa pembeni anageuza vitumbua huku akijifuta machozi ya kicheko. Aliyesimama katikati ni yule bubu wangu. Alikuwa anasema Kimakonde.

Mimi ni Myao. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeinyonya kwa mama yake, na Kimakonde sikujua zaidi ya salamu. Nilishikwa na wivu mkali kuliko ule ambao ningeuona kama ningemkuta na mwanamke. Mwanamke ningemfukuza.

Akaniona. Kisa kikakatika.

"Karibu, mke wangu," alisema kwa Kiswahili, taratibu, vile vile anavyosema nyumbani. Wenziwe wakanisalimu kwa adabu, kwa Kiswahili, wakainamia vikombe vyao. Chumba kizima kilikuwa kimenyamaza kwa sababu yangu, nikatamani ardhi inimeze.

"Shikamoo, mama," nikamwambia mjane.

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Nikaketi kwenye benchi katikati ya wanaume, uso unaniwaka.

"Endelea," nikamwambia mume wangu.

"Hutaelewa."

"Endelea hivyo hivyo, kwa Kimakonde."

Akanitazama kwa shaka, kama mtu anayepewa kitu cha bure sokoni. Kisha akavuta pumzi, akaanza tena. Sikuelewa hata neno. Walipocheka nami nikacheka, nimechelewa kidogo.