Nilivyoizeesha bangili ya Bi Saada kwa mayai ya kuchemsha

Wakuu, salaam kwenu. Kisa hiki changu mwenyewe, na kwa kuwa kinaniaibisha mie, mjue sijatia chumvi.

Mie ni sonara hapa Chake Chake. Miaka minne nilifua chini ya Mzee Hamad, na kila nilichofua kikapigwa muhuri wake. Nilitaka muhuri wangu kuliko nilivyotaka mke. (Mke alikuja baadaye, tuyaache.)

Siku moja akaja Bi Saada wa Ole. Alikuwa na bangili mbili za fedha za marehemu mama yake, nyembamba, ndani tupu. Moja ikampotea akichuma karafuu. Mjukuu wake anaolewa, na biarusi wa kwao havai bangili moja.

"Nifulie pacha wake," akasema.

Mie na domo langu: "Nitakufulia hata wewe usijue ipi ya mama."

Mzee Hamad akacheka. "Ukiweza, muhuri nakupa. Akiitambua, mwaka mwengine unavuta mvukuto kupuliza moto."

Hapo sasa! Wiki nzima nafua. Kila mkwaruzo wa ile aliyoniachia nikauiga. Pembeni kulikuwa na kibonyeo kidogo, nacho nikakitia.

Lakini ikang'aa mno, mpya mpya. Basi nikaifungia kwenye kopo na mayai ya kuchemsha yaliyopasuliwa. Yakhe, fedha inasawijika mpaka inakuwa kizee! (Mayai nikala. Msiniulize.)

Bi Saada alipokuja, nikazichanganya nyuma ya mgongo nikampa. Akazigeuza, akazigeuza. Nikaanza kuchekelea moyoni.

"Hiki kibonyeo," akasema, "nilikitia mie kwa meno, ndiyo kwanza yanaota. Mama akinihadithia kila siku. Ile iliyopotea haikuwa nacho."

Akaziinua zote mbili mbele ya uso wangu.

"Sasa zote zimeng'atwa. Ipi ya mama?"

Nikazichukua, nikazitazama. Wakuu, na mie sikujua!

Bibi wa watu machozi yakamlengalenga. Nilijichukia, wallahi. Nilitaka sifa, nikampotezea na ile moja aliyobakiwa nayo.

Mzee Hamad akazipokea, akazitia puani moja moja.

"Hii inanuka mayai."

Bi Saada akanusa. Akanitazama. Akacheka mpaka mtandio ukamwanguka, na hiyo nyengine akaibana kifuani.

Nikaenda zangu kwenye mvukuto, maana adhabu yangu naijua. Mzee akaniita. Akafungua kisanduku chake, akatoa muhuri mpya wenye jina langu. Kumbe kauchonga zamani!

"Piga kwa ndani," akasema, "asipotee mtu tena."

Basi kazi yangu ya kwanza yenye jina langu ndiyo hiyo inayonuka mayai. Biarusi aliivaa, na mafuta ya asumini hayakusaidia.

Nilichojifunza: kuiga nilikuwa najua, usonara nikauanza siku ile. Siku hizi kila ninachofua nakiacha na kitu changu kimoja, na chakavu cha mtu sikigusi kabla sijamuuliza kilichakaaje.

Haya, mafundi wenzangu, nyie ufundi uliwaumbua wapi? Semeni, nisiaibike peke yangu. Wa kuuliza habari za kula yale mayai apite kimya kimya.