Disketi Niliyoibandua Lebo

Siku hizi mtu akiniletea simu yake, akilalamika kwamba inafungua matangazo yenyewe na chaji inaisha kabla ya saa sita mchana, simgombezi. Namuuliza ilianza lini, na kabla ya hapo aliingiza nini. Kisha natafuta ile programu asiyoikumbuka, naing'oa, na kuangalia tena kama kuna nyingine imejificha. Majirani husema nina subira. Zamani sikuwa nayo hata kidogo, na kuna mtu aliyeumia kwa ajili hiyo.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mkuu wa ofisi ndogo pale Nchelenge, mji wa kando ya ziwa, vyumba viwili nyuma ya ofisi za halmashauri. Mradi wetu ulikuwa na mashua moja, muuguzi mmoja na kompyuta moja. Mashua ilimpeleka muuguzi kuchanja watoto na kuwapima uzito, Jumanne kisiwani Chisenga, Alhamisi Kabuta. Kazi yetu ya ofisini ilikuwa kuwatangazia watu siku zao, na kuwaandikia wakubwa wetu wa Mansa kwamba tumewatangazia. Matangazo yalitoka kwa Kibemba na kwa Kiswahili, kwa sababu kambi za wavuvi zilijaa watu wa Kongo, na vita ya kwao ilikuwa inawavusha wengine kila wiki.

Ndiyo maana nilimwajiri yule mama. Alikuwa karani huko Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, akavuka na watoto wake wawili na cheti cha uchapaji alichokifunga kwa nailoni. Alipiga chapa bila kutazama vidole, huku midomo ikisoma kimyakimya. Mama yangu mzazi alizaliwa upande ule, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili chao. Aliniita mama shefu, yaani bosi. Mimi nilimwita mama, ingawa tulikuwa rika moja.

Utaratibu niliuweka mwenyewe. Asubuhi yeye alichapa, akasoma kila mstari kwenye kioo akifuata kwa rula, akahifadhi, akafunga. Mchana nilikaa mimi kwenye kiti hicho hicho, nikafungua faili zake na kuzitoa kwenye karatasi, kwa kuwa wino na karatasi nilivifungia kabatini na ufunguo niliuvaa shingoni. Niliogopa uharibifu. Karatasi ikitoka nilitia saini bila kuisoma, haraka haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Niliamini kwamba mkuu wa ofisi hasomi, anasaini.

Mwaka huo huo niliomwajiri nilikwenda Mansa kwa shughuli za mradi, na nilipokuwa huko nikaingia katika duka moja la uchapaji, nikaandikiwa barua ya kuomba kazi Lusaka. Wakubwa wangu hawakupaswa kujua. Barua nilirudi nayo kwenye disketi, nikabandika lebo yenye jina langu kama mtoto wa shule. Siku moja wakati wa chakula, yule mama alipotoka, niliichomeka kwenye kompyuta ya ofisi, nikaifungua, nikabadilisha tarehe, nikaitoa kwenye karatasi na kuituma. Niliona nimefanya jambo la akili sana.

Wiki mbili baadaye mchungaji mmoja alikuja ofisini akiwa ameshika barua yetu ya shukrani, uso umejaa kicheko alichokuwa anakizuia. Tulikuwa tumemshukuru kwa kututangazia kanisani, na chini yake tukamweleza kuhusu choo kipya cha bandarini. Ila barua ilianza hivi: "Tunakushukuru choo mchungaji." Nilicheka naye, na alipoondoka nikamwita yule mama, nikamwekea karatasi mbele.

Aliisoma mara mbili. "Mama shefu, mi sikuandika hivi. Nilisoma yote, ilikuwa muzuri."

"Basi nani aliandika? Tuko wawili tu."

"Hii mashini inahamisha maneno."

"Mashine haina mikono, mama," nilimwambia, na nikajiona nimesema kitu cha kuchekesha.

Alianza kuweka daftari. Kila alichokichapa alikinakili kwa penseli, ili nikitoa karatasi tuzilinganishe. Nililiona lile daftari kuwa kiburi. Siku nyingine aliniomba, kwa upole kabisa, "Mama shefu, mi niandike, nifunge, kisha weye ufungue mbele yangu. Tuangalie pamoja." Ingechukua dakika tano. Nilimwambia sina muda wa michezo. Naikumbuka sentensi hiyo kila mara mtu anaponiambia simu yake "inafanya mambo", kwa sababu alichoniomba ndicho hasa ninachokifanya leo: kufungua, kutazama, kufunga, kufungua tena.

Kisha likaja tangazo la chanjo. Kwenye mstari wa Chisenga siku haikuwepo kabisa. Kwenye mstari wa Kabuta ziliandikwa mbili, Jumanne na Alhamisi. Nilitia saini. Jumanne muuguzi alifika kisiwani akakuta kina mama wametawanyika, kila mmoja kwenye shughuli zake za samaki. Kabuta, nao, walikaa ufukweni na watoto mgongoni tangu asubuhi mpaka jua likawa kali, wakitazama maji yasiyo na mashua. Malalamiko yalifika Mansa kabla ya muuguzi kurudi. Mansa waliniuliza nani alichapa.

Sikumfukuza kwa ukali. Ningemfukuza kwa ukali, labda angenichukia, na ingekuwa afadhali. Nilivuta kiti karibu yake, nikamshika mkono. "Mama, vita imekuchosha kichwa," nilimwambia. "Umeona mengi. Haya si makosa yako, ni kichwa ndicho kimechoka. Kaa nyumbani, upumzike."

"Kichwa yangu iko muzuri, mama shefu."

"Mtu mwenyewe hawezi kujua."

Aliitazama kompyuta, kisha akatazama vidole vyake. "Labda," alisema. Akafunga daftari lake kwa nailoni pamoja na cheti, akaondoka. Nami nilirudi nyumbani nikijisifu kwa huruma yangu.

Nikaanza kuchapa mwenyewe, na maneno yakaendelea kuhama. Kwanza nililaumu haraka zangu. Halafu nikaisoma barua moja mara tatu, nikaifunga, nikaifungua baada ya chai, na neno "muuguzi" likawa limeketi mahali pa "petroli". Nikapiga simu Mansa, wakanitumia fundi, mzee mmoja mwenye kikohozi na sanduku la disketi, mtu wa maneno machache.

Hakuniuliza maswali mengi. Alichapa sentensi moja ya Kibemba, akaihifadhi, akaifunga, akaifungua. Akafunga, akafungua. Mara ya nne neno la mwisho lilikuwa limekwenda mwanzo. Alitikisa kichwa kama mtu aliyemwona jirani yake wa zamani. Akanieleza kwamba ndani ya kompyuta kuna karatasi tupu moja ambayo barua zote mpya hunakiliwa kutoka kwayo, na kirusi hiki hukaa humo. Mtu akiandika hakifanyi kitu. Akifungua faili ndipo kinaamka, kinabeba neno na kulitupa pengine.

Nilielewa pale pale, nikiwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Aliyekuwa akifungua faili kila mchana ni mimi.

Fundi alifungua kile kidirisha kidogo kwenye kona ya disketi yake ili isiandikwe kitu, akaiwasha kompyuta upya, akaifuta ile karatasi tupu iliyougua, akaacha kompyuta ijitengenezee nyingine. Kisha akasema, "Leta disketi zote za ofisi. Zote. Ikibaki moja, kazi yetu ni bure, kitarudi."

Disketi yangu ilikuwa kwenye mkoba. Ningeweza kuitupa ziwani, lakini nakala ya barua yangu ilikuwa humo tu. Niliingia chumba cha pili, nikaibandua lebo kwa kucha mpaka karatasi yote ikatoka, nikaichomeka katikati ya rundo. Alizipima moja baada ya nyingine, bila kufungua barua zilizomo, akiweka alama ya kalamu kwenye kila iliyosafishika. Alipofika yangu alisita. Faili lake lilikuwa na tarehe ya zamani kuliko yote yaliyoambukizwa.

"Kilianzia hapa," alisema. "Hii ni ya nani?"

"Ya yule mama aliyeondoka," nilisema.

Sikupanga kusema hivyo. Lilitoka lenyewe, laini, bila hata kukwama. Fundi aliandika kwenye ripoti yake kwamba virusi vililetwa na disketi binafsi ya karani wa zamani, nami nikatia saini. Ripoti hiyo, kwa bahati mbaya, niliisoma.

Nilikaa na jambo hilo wiki kadhaa, silali vizuri, nagombeza kila mtu. Alhamisi moja nikapanda mashua na muuguzi kwenda Kabuta, kwa sababu nilisikia yule mama yuko huko, anawapimia wavuvi chumvi. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, gunia mbele yake na kopo mkononi. Alisimama kwa heshima aliponiona, na heshima hiyo iliniuma.

"Mama," nilimwambia, "ile mashini ilikuwa na ugonjwa. Ni virusi. Ilikuwa inahamisha maneno yenyewe."

Kopo lilibaki hewani. "Haikuwa miye?"

"Haikuwa wewe."

Alicheka, akajishika kichwa kwa mikono yote miwili, chumvi ikamwagika kwenye nywele zake. "Mama shefu! Mi nilizani vita imeniharibu kichwa. Hata barua ya dada yangu siandike tena, mutoto njo ananiandikia. Minasoma kitu mara kumi, ningali minaogopa." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiwiko. "Aksanti, mama. Mungu akubariki. Umeniponesha."

Hapo ndipo ningesema habari ya disketi. Alikuwa na furaha, angenisamehe kwa neno moja, namjua. Badala yake niliipokea ile asante kama vile ilikuwa yangu.

Kisha akasema, kwa sauti ya karani sasa, "Uniandikie ile kwa karatasi. Na kashe ya biro." Alitaka muhuri wa ofisi, maana biro kwao ni ofisi. "Kule kwa kambi ya wakimbizi banatafuta mutu wa kuandika majina ya batu. Bataniuliza juu ya nini niliacha kazi."

"Alhamisi ijayo itakuja na mashua," nilimwahidi.

Alhamisi hiyo barua haikuja, wala mbili zilizofuata. Kila nilipokaa kuiandika niliiona ripoti ya fundi katika faili la Mansa, na saini yangu chini yake. Barua yenye muhuri lazima ibaki na nakala. Wangeuliza kama karani hana kosa, basi disketi ilikuwa ya nani, na ndani yake kulikuwa na nini. Nikajiambia nisubiri jibu la Lusaka. Nikipata kazi ile, nitaiandika kabla ya kuondoka, na hakuna atakayenifanya kitu. Nilimfanya mtu mwingine angoje ili mimi niondoke salama.

Jibu halikuja. Siku moja niliifungua barua yangu kwenye ile disketi iliyosafishwa, nione nilikosea wapi. Fundi alikuwa ameondoa virusi, lakini maneno hayakurudi mahali pake. Jina la shule yangu lilikuwa limekaa penye jina la mji, na katika aya ya mwisho niliwaomba kwa unyenyekevu wanipe nafasi ya kuhudumia mashua. Ndivyo nilivyoituma, bila kuisoma. Nilikuwa nimemtoa mtu kafara kwa ajili ya barua ambayo huko Lusaka, bila shaka, waliichekea na kuitupa.

Siku hiyo niliandika ile aliyoniomba. Mistari minne. Niliifunga, nikaifungua mara sita, kila neno lilikuwa pale pale. Nikapiga muhuri, nikaitia kwenye mkoba, na Alhamisi nikapanda mashua.

Kwenye kigoda alikaa mama mwingine, mzee kidogo, na gunia lilikuwa lile lile. Nilimuuliza mwenzake yuko wapi.

"Alienda na kamyo ya kambi, juzi," alisema, akionyesha upande wa barabara ya malori kwa kopo. "Alienda na huzuni, masikini. Alingojea Alhamisi tatu. Alikuwa anavaa viatu ya biro, anakaa pale kwa mashua toka asubui, anasema mama shefu analeta karatasi ya kusema kichwa yake ni nzima. Batu banamucheka. Siku ya mwisho akasema hata yeye hajue kama ile mama shefu alikuya kweli, ao aliota tu." Alinikazia macho, akanitazama vizuri, viatu vyangu, mkoba wangu. "Ni weye njo ile mama shefu?"

"Hapana," nilimjibu, na nikamwomba anipimie kopo moja la chumvi.